Mtungi Mbovu Si Sadaka

Kila Tana inapofura, huku kwetu hutokea wema wa namna mbili. Wa kwanza ni wema wa unga, maharagwe na blanketi, na huo sina ugomvi nao. Wa pili ni wema wa stoo. Mtu anaona kwenye simu yake picha za nyumba zilizobaki mapaa tu, anakumbuka kwamba nyuma ya nyumba yake, chini ya magunia, kuna kitu ambacho hajakigusa miaka na miaka, na kitu hicho kina uhusiano fulani na maji. Basi anakitoa, anakipangusa vumbi, anakipiga picha na kutangaza kwamba amewasaidia watu wa Tana Delta. Ugomvi wangu ni na wema huu wa pili, hasa unapokuja na mitungi ya kuzamia, ile ambayo watalii hujifunga mgongoni wakienda kutazama samaki kule Watamu na Malindi.

Nasema mapema ili asiye na muda asisumbuke. Vifaa vya kuzamia vilivyolala stoo miaka kumi au ishirini visipewe vijana wa uokoaji, visiuziwe wavuvi, na visirudishwe chini ya magunia. Viuawe kama vifaa vya kupumulia, visiweze tena kumdanganya mtu. Kitakachobaki kitafutiwe kazi nyingine.

Anayeijua Minjila hatashangaa kusikia kwamba vitu hivi vinafika hadi hapa. Hapa ndipo barabara ya kutoka Malindi inapogawanyika, moja ikipanda kwenda Hola na Garissa, nyingine ikienda Lamu kupitia Gamba na Witu. Kilichokosa mteja pwani hupita hapa kikiwa juu ya keria ya matatu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni 2014, na maonyo ambayo nchi za Ulaya ziliwapa raia wao wasije pwani yetu, hoteli kadhaa za Malindi na Watamu zilifunga milango. Mwaka 2020 ikaja korona ikamalizia kazi. Hoteli ikifungwa, vitu vyake havifungwi nayo. Friji linaondoka, godoro linaondoka, na mtungi wa kuzamia nao unaondoka na mtu asiyejua ataufanyia nini, ila anajua ulinunuliwa ghali.

Mama mmoja mwenye duka hapa Minjila ana mitungi miwili, majaketi mawili ya kuelea na gunia la mabomba na mipira, vitu alivyoachiwa na marehemu kaka yake aliyefanya kazi hotelini. Aliniuliza kama watu wazima wanavyouliza, jibu la kwake akiwa nalo tayari: "Mwanangu, hivi ni vitu vya pesa nyingi. Si dhambi kuviacha vioze na watu wanakufa maji hapo Idsowe?" Alikuwa ameshapewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza, awape vijana wanaosaidia wakati wa mafuriko. Wa pili, atafute mteja kule baharini. Wa tatu, avihifadhi, kwani vitu vya Wazungu haviharibiki. Shauri zote tatu zimetolewa na watu wema, na zote tatu zinaweza kuua.

Tuanze na hilo la tatu, kwa sababu ndilo mzizi wa mengine. Ati haviharibiki. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa hadi bar 200, hubana ndani yake karibu lita 2,400 za hewa. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Yaani ndani ya chupa hiyo ya chuma unayoiegemeza kwenye gunia la mchele kuna nguvu karibu mara tisini ya ile iliyo kwenye tairi, na tairi likipasuka gereji tunajua linavyomfanya mtu. Ndiyo maana mtungi una tarehe iliyogongwa begani pake, mwezi na mwaka, kuonyesha mara ya mwisho ulipopimwa kwa maji na presha. Desturi ya kazi hii ni mtungi kufunguliwa na kukaguliwa ndani kila mwaka, na kupimwa kwa presha kila baada ya miaka mitano au chini ya hapo. Mtungi wenye tarehe ya mwaka 2009 ni mtungi usiojulikana, hata ukipakwa rangi mpya ya njano.

Na unaharibika kweli. Wa chuma hula kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, hasa kama maji kidogo ya chumvi yaliingia siku ya mwisho. Kutu hiyo inafanya jambo lingine ambalo wengi hawalidhanii: inakula oksijeni. Mtungi wenye unyevu ukikaa miaka umefungwa na hewa ndani, hewa hiyo inaweza kuwa na oksijeni pungufu. Mtu akiivuta haoni rangi wala hasikii harufu, anazimia tu. Wa alumini una kasoro yake. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda kadhaa vilitengeneza mitungi kwa mchanganyiko wa alumini unaoitwa 6351, na baadaye ikaonekana kwamba mitungi hiyo hupata nyufa shingoni hata ikikaa tu na presha yake. Vituo vingi vya kupiga mbizi duniani havikubali kuijaza.

Hapo sijagusa mipira. Hewa ya mtungini haiendi kinywani moja kwa moja. Inapita kwenye reguleta, kifaa kinachoipunguza presha mpaka iwe ya kuvutika. Ndani ya reguleta kuna vipete vya mpira, viwambo na springi, vitu ambavyo fundi aliyesomea hubadilisha kwa ratiba. Mpira ukikaa kwenye joto la Minjila unakuwa mgumu kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Jaketi la kuelea nalo hujazwa hewa kwa kitufe. Kitufe kikishikana na chumvi ya zamani, jaketi linajijaza lenyewe na kumrusha mzamiaji juu kwa kasi. Kipimo cha presha kinaweza kukwama pale pale na kumwambia mtu kwamba ana hewa wakati imekwisha. Vifaa vyenyewe vikiwa juu ya meza vinaonekana vizima. Hakuna kasoro hata moja kati ya hizo inayoonekana kwa macho ya mwenye duka, ya MCA anayevikabidhi, wala ya kijana anayevipokea kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye sadaka. Hoja yake naijua, nimeisikia barazani na nimeisikia kwenye matatu: kibovu ni bora kuliko kukosa. Katika mambo mengi hoja hii ni ya kweli. Mwavuli wenye tundu ni bora kuliko kukosa mwavuli. Baiskeli bila breki ni afadhali kuliko kutembea, ukiwa mwangalifu na njia ikiwa tambarare. Lakini kuna vitu ambavyo kibovu chake ni kibaya kuliko kukosa, kwa sababu kinamtia mtu moyo wa kwenda mahali ambapo bila hicho asingethubutu. Kijana wa Tana asiye na mtungi hawezi kukaa chini ya maji ya mafuriko dakika kumi. Atabaki juu na pondo na kamba na akili zake. Mpe mtungi mbovu, umempa sababu ya kuzama. Na akishazama, kinachomtenganisha na kifo ni kipete cha mpira cha mwaka 2006.

Kisha fikirieni anazama wapi. Vifaa vile vilitengenezwa kwa maji ya matumbawe. Huko mtu huona miguu yake, mwenzake na boti iliyo juu. Tana ya Aprili ni chai ya maziwa. Ukizamisha mkono hauoni vidole. Maji yanakuja na migomba, magogo, mizizi, waya za nyua na vyandarua. Kuna mamba, kuna kiboko, na sina haja ya kumweleza mtu wa Ngao au Idsowe habari zao. Wazamiaji wa uokoaji wanaofanya kazi kwenye maji ya namna hiyo huenda wamefungwa kamba, mwenzao akiishika huku juu na kuongea nao kwa mivuto, na mzamiaji wa akiba akiwa amevaa tayari. Wanafunzwa kwa miezi. Lililo jepesi kuliko yote katika mafunzo hayo, ambalo kila mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza, ni kwamba usizuie pumzi unapopanda juu. Kwenye kina cha mita 10 presha ni mara mbili ya ile ya juu, hivyo hewa iliyo mapafuni itatanuka mara mbili ukipanda. Ukiibana, mapafu yanaweza kupasuka, hata ukitoka kina cha mita chache tu. Kijana hodari wa kuogelea, aliyezoea kupiga mbizi kwa pumzi yake mwenyewe tangu utotoni, amejizoesha kinyume chake kabisa: kubana pumzi. Uhodari wake ndio utakaomuua.

Na akiumia, ataenda wapi? Ugonjwa wa presha ya chini ya maji hutibiwa kwenye chumba maalumu cha presha. Cha karibu kiko Mombasa, kambi ya jeshi la majini Mtongwe. Kutoka Minjila hadi Malindi peke yake ni zaidi ya kilomita mia, na hiyo ni siku ambayo barabara ipo. Siku ya mafuriko, barabara ndiyo ya kwanza kuondoka.

Haya yote ni ya vifaa, na mtu anaweza kunijibu: basi tuletewe vifaa vipya. Nitamjibu, lakini kwanza tukubaliane mzamiaji huja kufanya nini.

Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likiwa na mama na binti yake. Nchi nzima ilikaa mbele ya runinga. Walikuja wazamiaji wa jeshi la majini, wakaja wa kujitegemea, wakaja hadi wa Afrika Kusini. Gari lilipatikana kwenye kina cha mita 58 na kutolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Wazamiaji walifanya kazi ngumu na ya heshima, lakini hawakuja kuokoa. Ubongo wa binadamu hauvumilii dakika nyingi bila hewa. Mzamiaji anayesafiri kutoka Mombasa hadi Tana Delta, hata akija na vifaa vya jana kutoka kiwandani, anakuja kutafuta maiti.

Mtu atanikumbusha MV Nyerere. Naam, tuikumbuke. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko hicho kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi wa meli akiwa hai ndani yake, mahali palipobaki na hewa. Ni kisa cha kumshukuru Mungu, na ni haki kusema kwamba bila wazamiaji mtu yule angekufa. Lakini kisa hicho kina hesabu mbili. Aliyetolewa hai na wazamiaji baada ya siku mbili ni mmoja. Waliokufa ni zaidi ya mia mbili, kwenye chombo kilichoruhusiwa kubeba abiria mia moja na mmoja na ambacho kilikuwa kimebeba mara mbili ya hapo na zaidi. Aliyeweza kuwaokoa wale ni mtu wa kuhesabu watu gatini na kusema, "Basi, kimejaa." Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, walikufa watu 272, nao walikuwa karibu na kambi ya jeshi la majini. Ukaribu wa mitungi haukuwafaa kitu.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti iliyosheheni abiria ilipinduka Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo, mahali ambapo barabara ilikuwa imemezwa na maji. Wengi tumeiona video ile. Zaidi ya watu ishirini waliokolewa, wengine wakafa. Tazama tena ile video na ujiulize kilichokosekana ni nini. Waliopona walipona kwa sababu mtu aliwafikia juu ya maji, katika dakika zile za kwanza. Mfa maji haishi kutapatapa, wahenga walisema, na maana yake nyingine ni kwamba kwa muda mfupi bado yuko juu, bado anashikika, kama kuna cha kumrushia. Kwa wakati huo tunahitaji jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, kamba ndefu, jerikeni tupu lililofungwa kifuniko vizuri, na mtu anayejua kurusha badala ya kujirusha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi kama zetu. Likaorodhesha yanayosaidia: kuzuia watoto wadogo wasifike majini, kuwafundisha wa shule kuogelea na usalama wa maji, kuwafunza watu wa kawaida kuokoa na kurudisha pumzi, kuweka na kusimamia sheria za vyombo, kujiandaa kwa mafuriko. Isome orodha hiyo hadi mwisho. Hakuna mtungi.

Hapa lazima nisimame, maana kuna hoja moja ambayo si ya kudharau, na aliyeitoa kwangu ni yule yule mama wa duka. Alisema, "Na maiti je? Mtu asizikwe?" Sina jibu jepesi kwa swali hilo, na anayelo simwamini. Mwislamu ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa haraka. Mpokomo anayelima ng'ambo ya mto anataka kuwaonyesha watoto wake kaburi la baba yao. Familia isiyo na maiti haianui matanga moyoni, inakaa miaka ikitazama mto. Kutafuta maiti ni kazi ya lazima. Lakini ndiyo sababu haiwezi kuwa kazi ya mitungi ya kuokota. Ukimtuma kijana wa miaka ishirini na mbili akatafute maiti moja kwa reguleta iliyokufa, jioni utakuwa unatafuta maiti mbili, na mama wa pili hukuwa na haki ya kumfanyia hivyo ili kumfariji wa kwanza.

Kazi hiyo ina wenyewe. Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na kutafuta na kuokoa ni miongoni mwa kazi zake. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka usimamizi wa majanga kwa serikali kuu na kwa kaunti pia, na vivuko ikaviweka kwa kaunti. Msomaji, vivuko ni vya kaunti. Yule mtu wa kuhesabu watu gatini, yale majaketi, ile boti yenye injini inayowaka, si ombi la huruma kwa hoteli ya Watamu. Ni deni. Kila tunapopokea mitungi michakavu kwa nderemo, tunamsaidia mwenye deni kusahau. Anapiga picha na mitungi, anaiweka kwenye ukurasa wake, na swali la boti linazikwa hapo. Sadaka ya kitu kibovu haituachi pale ilipotukuta, inatuacha na deni lile lile na stakabadhi ya uongo kwamba limelipwa.

Tunaambiwa mwombaji hachagui. Mimi nasema mtu wa Tana si mwombaji wa kitu hiki. Anayejua mto huu kuliko mtoaji, anayevuka kwa mtumbwi kwenda shambani asubuhi na kurudi jioni, ana haki ya kusema, "Ahsante, hiki hapana." Kukataa si utovu wa adabu. Mwenye adabu ndogo ni yule anayempa mwenzake kitu ambacho yeye mwenyewe asingempa mwanawe akivae. Kipimo ni hicho hicho, na mtu asitafute kingine: mtungi huu, leo, kwenye mto ule, ungemvisha mwanao?

Kuhusu shauri la pili, kuviuza baharini, nitasema kwa ufupi kwa sababu aibu yake ni kubwa. Kusini mwa pwani yetu, huko Shimoni na Vanga, kuna watu wanaozama kwa mitungi kutafuta jongoo wa bahari, yule mdudu ambaye sisi hatumli ila bei yake Asia ni nzuri. Jongoo wa maji mafupi wamekwisha, kwa hiyo wanafuatwa kina kirefu zaidi, mara nyingi kwa siku, bila mapumziko ambayo mwili unahitaji ili kutoa nitrojeni iliyoingia kwenye damu. Matokeo ya kuzama hivyo yanajulikana popote biashara hii ilipo: maungo yanayouma usiku kucha, miguu inayokufa ganzi, wanaume wazima wanaobebwa kwenda msalani. Tanzania imepiga marufuku kuvua kwa mitungi ya hewa. Mteja wa mtungi wa zamani atapatikana, sina shaka, na atalipa taslimu. Anakuja kwako kwa sababu kituo chenye leseni kimekataa kumjazia. Ukimuuzia, usijidanganye kwamba hujui unachouza.

Na anayefikiria kumwuzia mtu wa vyuma chakavu mtungi mzima akaishia hapo, amehamisha tu mauti kutoka stoo yake hadi kwa kijana mwenye gesi ya kukatia. Mwali wa moto kwenye mtungi wenye presha ni bomu. Kijana yule hakusoma tarehe begani. Aliona alumini, akaona kilo.

Basi vifanywe nini? Nimesema viuawe, na kuua huku kuna utaratibu wake.

Kwanza, hewa iliyomo isipumuliwe na mtu yeyote, hata kwa mzaha, hata mara moja. Wala usiujaze tena kwa kompresa ya matairi, ambayo hewa yake inaweza kubeba mafuta na moshi, wala kwa oksijeni ya mafundi wa kuchomea, ambayo ikikutana na mafuta huwaka, na ikivutwa chini ya maji huwa sumu. Pili, upeleke mtungi mahali wazi, mbali na watoto na moto, uulaze na kuuzuia usibingirike, ufungue vali polepole, kidogo kidogo, hadi mluzi uishe, kisha uuache wazi hadi kesho yake. Ikiwa vali haizunguki, au imezunguka na hukusikia kitu, usiseme ni mtupu. Huenda imeziba. Usiigonge nyundo, usiikaze koleo. Huo ni wa kupelekwa kituo cha wazamiaji Watamu, Malindi au Mombasa, wenye vifaa vya kuumaliza, na ukiusafirisha uwaambie wenye gari ni nini. Vali isifunguliwe kutoka shingoni kabla presha haijaisha kabisa. Watu hupoteza uso kwa haraka hiyo.

Tatu, mtungi ukishakuwa mtupu na vali ikishatoka, ukatwe vipande viwili. Usitobolewe tu, kwa sababu tundu huzibwa. Reguleta ikatwe bomba. Jaketi la kuelea litobolewe kwa kisu. Najua inauma kuharibu kitu cha bei. Iume. Kitu kizima kitatafuta mtu wa kukivaa, hata ukiandika "kibovu" kwa rangi nyekundu, kwani rangi hufutika na mwandishi hufa.

Nne, kuna vinavyobaki kuwa na faida. Miwani ya kuzamia ya silikoni na mapezi ya miguuni hayana presha wala siri. Yakiwa mazima, mwalimu anayewafundisha watoto kuogelea atayatumia. Mkanda wa risasi mvuvi ataugeuza chubwi, ila asiyeyushe risasi jikoni wala karibu na watoto, maana moshi na vumbi lake ni sumu. Suti ya mpira itakatwa viti vya mtumbwi.

Na mtungi wenyewe? Nusu ya juu ya mtungi uliokatwa, ukiining'iniza kwa shingo na kuigonga, ni kengele. Shule zetu nyingi bado zinagonga rimu ya gari iliyofungwa mwarobaini, na wanaojua watasema mtungi unalia vizuri kuliko rimu na unafika mbali zaidi. Hapo ndipo chuma hiki kinapoweza kufanya kazi ya uokoaji kwa mara ya kwanza na bila uongo. Mto wetu hauna tabia ya kushtukiza kama korongo. Maji ya mafuriko makubwa yanatoka milimani, yanajaza mabwawa, Masinga likifurika na Kiambere likifurika tunatangaziwa, na yanachukua siku kadhaa kufika delta. Habari ipo. Inakwama redioni, inakwama kwenye ujumbe wa simu isiyo na chaji, inakwama kwenye ofisi, na kijiji kinaamshwa na maji miguuni. Kengele moja kila kijiji, mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuigonga, na mlio mmoja ambao kila mtoto anajua maana yake ni "panda juu sasa": hicho ni kifaa cha bei ya kamba. Hakihitaji vipete vya mpira. Hakiishiwi hewa.

Wenye stoo, kwa hiyo, ombi ni hili. Kabla hamjaita mpiga picha, geuzeni mtungi mwangalie begani. Tarehe ikiwa imepita, msitutumie. Pesa mtakayolipa kuusafirisha hadi Minjila nunueni majaketi, hata mawili, myapeleke kwa mwenye boti ambaye hana hata moja. Viongozi wetu, tunawaomba mtuonyeshe bajeti ya vivuko na si mitungi ya mgeni. Na vijana wa uokoaji, ambao nawapenda kuliko wote niliowataja, siku mtakapokabidhiwa vitu hivi mbele ya umati na kamera, kataeni. Kataeni kwa heshima, kwa shikamoo na tabasamu, lakini kataeni. Kisha ombeni msumeno.